Antena ya mianzi na waya: jinsi ya kuitengeneza, kuipima na kuitumia kwa usalama katika maeneo ya chai

Mnamo Mei 12, 2024, intaneti ilipungua kasi kote Afrika Mashariki baada ya nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, kupata hitilafu. Kipindi hicho mvua ya masika ilikuwa imeharibu barabara na madaraja katika sehemu nyingi za Kenya. Matukio hayo mawili hayakuwa na uhusiano, lakini yaliacha swali moja kwa wakazi wa Kericho na Bomet: simu ikikosa mtandao na barabara ikikatika, habari itatokaje kijijini?

Jibu moja limekuwepo kwa zaidi ya miaka mia moja. Ni redio ya ridhaa, yaani redio ya mawasiliano ya pande mbili inayoendeshwa na raia wa kawaida bila malipo na bila biashara. Haitegemei mlingoti wa kampuni ya simu wala waya wa baharini. Inahitaji chombo cha redio, betri ya gari ya volti 12, na antena. Chombo hununuliwa, lakini antena mtu anaweza kuitengeneza mwenyewe kwa mianzi, mita chache za waya na subira.

Makala haya yanaeleza antena moja ya aina hiyo, ile inayorusha mawimbi upande mmja na kuyapunguza upande wa nyuma. Pia yanaeleza mambo yasiyopaswa kupuuzwa na mkazi yeyote wa nyanda hizi, kwanza kabisa radi.

Leseni kwanza

Hakuna anayeruhusiwa kurusha matangazo au mazungumzo kwa redio ya ridhaa bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998. Mwenye leseni hupewa jina la utambulisho linaloanza na 5Z4, na hulitaja kila anapozungumza hewani. Mtu wa Japani au Brazili akisikia 5Z4 hujua mara moja kwamba anayezungumza yuko Kenya.

Mwanzilishi anashauriwa kuwasiliana na Mamlaka hiyo mapema, na pia na chama cha waendeshaji wa redio ya ridhaa nchini, Amateur Radio Society of Kenya, ambacho ni mwanachama wa muungano wa kimataifa wa vyama hivyo ulioanzishwa Paris mwaka 1925. Waendeshaji wenye uzoefu huwasaidia wapya kujiandaa, na pia huwashauri kuhusu vyombo vinavyofaa na visivyofaa kununuliwa.

Kwa nini antena iwe na mwelekeo

Balbu iliyo wazi huangaza chumba kizima. Ukiiweka ndani ya tochi, mbele ya kioo kilichopinda, mwanga huenda mbali zaidi ingawa betri ni ile ile. Nguvu haikuongezeka, ila imeelekezwa upande mmoja.

Antena yenye mwelekeo hufanya hivyo kwa mawimbi ya redio. Huwa na waya mbili. Waya wa mbele umeunganishwa na redio. Waya wa nyuma haukuunganishwa na kitu chochote, lakini kwa kuwa uko karibu, hupokea nguvu kutoka kwa wenzake na kuirusha upya. Ukikatwa kwa urefu unaofaa na kuwekwa kwa umbali unaofaa, mawimbi yake huungana na yale ya waya wa mbele kuelekea upande mmoja, na huyafuta upande wa nyuma.

Ugunduzi huo ulifanywa Japani katika miaka ya 1920 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi wa Chuo Kikuu cha Tohoku. Wakazi wengi wameuona bila kujua jina lake: antena za televisheni za vijiti vingi vya alumini zilizokuwa juu ya mapaa ya nyumba ni za aina hiyo. Baadaye mwendeshaji wa redio ya ridhaa kutoka Uingereza, Les Moxon, aliukuza mtindo wa kukunja ncha za waya zote mbili ili zitazamane na kufanya umbo la mstatili. Mtindo huo huchukua nafasi ndogo, na una faida nyingine: hukubaliana moja kwa moja na kebo ya kawaida ya redio ya ohimu 50, bila kifaa cha kati.

Ikilinganishwa na waya mmoja ulionyooka, antena ya Moxon huongeza nguvu ya upande wa mbele kwa zaidi ya maradufu. Faida kubwa zaidi ni katika kusikia, kwa sababu kelele na vituo vya upande wa nyuma hupungua sana.

Vifaa

Kwa masafa ya megahezi 28, ambayo mwanzilishi anaweza kuyajengea antena isiyo kubwa, vinahitajika:

- Mianzi minne iliyokauka, kila mmoja mita 2.2, mnene kiasi cha kidole gumba. Inunuliwe kwa wakulima waliopanda mianzi, isikatwe msituni.
- Waya wa shaba usio na ganda, unene wa milimita 2, jumla ya mita 11. Waya wa stima wa nyumbani wa uzi mmoja, ukitolewa ganda la plastiki, unafaa.
- Kebo ya redio ya ohimu 50, urefu wa kutosha kutoka antena hadi nyumbani. Kebo ya televisheni huwa ya ohimu 75, hivyo isichanganywe nayo.
- Ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30, wa kushikilia mianzi katikati.
- Kamba ya nailoni, vipande vya paipu ya plastiki, tepu ya umeme na rangi ya mafuta.
- Nguzo ya mkaratusi iliyonyooka, ya mita 7 hadi 9. Miti hiyo imejaa katika maeneo haya kwa kuwa hupandwa kwa ajili ya kuni za viwanda vya chai.

Mianzi ipakwe rangi ya mafuta mara mbili na kuzibwa ncha zake. Bila hivyo, mvua ya Kericho huioza kabla ya mwaka kwisha.

Vipimo

Vipimo hivi ni vya megahezi 28.4, kwa waya wa milimita 2 usio na ganda:

- Upana wa mstatili, pembe hadi pembe: mita 3.84
- Mkia wa waya wa mbele, kila upande: sentimita 57
- Pengo kati ya mikia inayotazamana: sentimita 11
- Mkia wa waya wa nyuma, kila upande: sentimita 72
- Kina cha mstatili, mbele hadi nyuma: mita 1.40

Ukijumlisha 57, 11 na 72 unapata 140. Hesabu hiyo ni ya kujikagua. Ikiwa upande mmoja wa antena haufikii mita 1.40, kuna kipimo kilichokosewa.

Hatua za kujenga

Kwanza, funga mianzi minne juu ya ubao ili ifanye umbo la X lililolala. X hiyo si ya mraba, kwani ncha mbili za upande mmoja ziko mbali kwa mita 3.84, na za mbele na nyuma ziko mbali kwa mita 1.40 tu. Kutoka katikati hadi kila pembe ni kama mita 2.04. Chora mstatili chini kwa kamba na vigingi kabla ya kufunga mianzi, kisha uilaze juu yake.

Pili, kata waya wa nyuma kipande kimoja cha mita 5.28. Kata waya wa mbele vipande viwili, kila kimoja mita 2.49. Acha sentimita 5 zaidi kila ncha kwa ajili ya kufunga na kurekebisha.

Tatu, unganisha vipande viwili vya waya wa mbele kwa kipande cha paipu ya plastiki katikati, vikiachana kama sentimita 2. Hapo ndipo kebo inapofungwa: uzi wa kati wa kebo kwenye kipande kimoja, na wavu wake wa nje kwenye kipande cha pili. Viungo vichomelewe kwa risasi na kuzibwa kabisa. Maji yakiingia ndani ya kebo, huifuata hadi mbali na kuiharibu yote.

Nne, kabla kebo haijateremka, izungushe mara 6 kufanya duara la upana wa sentimita 9 hadi 10, na uifunge kwa tepu. Mzunguko huo huzuia nguvu ya redio isirudi kwa nje ya kebo hadi chumbani.

Tano, funga waya kwenye pembe za mianzi, kunja mikia, na uunganishe ncha zinazotazamana kwa kamba ya nailoni yenye pengo la sentimita 11 kamili. Waya zisigusane popote. Pengo hili ndilo linaloamua jinsi antena itakavyozuia mawimbi ya nyuma, kwa hivyo lipimwe kwa rula, wala si kwa macho.

Kupima na kurekebisha

Antena iliyojengwa vizuri bado inahitaji kupimwa. Redio inaporusha nguvu kwenye antena ya urefu usiofaa, sehemu ya nguvu hiyo hurudi ndani ya chombo na kukipasha moto. Vyombo vingi huharibika kwa njia hiyo.

Kifaa cha kupimia nguvu inayorudi mafundi hukiita mita ya SWR. Kipimo cha 1 maana yake ni kwamba hakuna kinachorudi. Chini ya 1.5 ni vizuri sana. Kikifika 3, usirushe matangazo, tafuta kasoro.

Pandisha antena angalau mita 3 kutoka ardhini, mbali na paa la mabati, kwani bati huvuruga kipimo. Hakikisha masafa hayatumiki na mtu mwingine, taja jina lako la utambulisho, kisha tumia nguvu ndogo, wati 10 au chini. Pima katika megahezi 28.1, 28.3, 28.5 na 28.7, na uandike kila kipimo kwenye daftari.

Sasa tazama kipimo cha chini kabisa kiko wapi. Kikiwa chini ya 28.4, waya ni mrefu mno. Fupisha mikia ya waya wa mbele. Kikiwa juu ya 28.4, waya ni mfupi. Irefushe kwa kutumia zile sentimita zilizoachwa. Kubadilisha sentimita 1 kila upande husogeza kipimo kwa takriban kilohezi 100. Pande zote mbili zibadilishwe sawasawa, na kila mara pengo lipimwe tena. Likiwa limepanuka, sogeza waya wa nyuma karibu kidogo.

Kipimo kisiposhuka popote, tatizo kwa kawaida si urefu. Kagua kiungo kilicholegea, kebo yenye maji, au wavu wa kebo uliogusa uzi wa kati.

Hatua ya mwisho ni kukagua mwelekeo. Sikiliza kituo kisichobadilika nguvu, kisha zungusha antena taratibu. Sauti ikiwa kubwa mbele na kufifia sana nyuma, kazi imefanikiwa. Kwenye redio yenye mshale wa nguvu ya sauti, tofauti ya alama 3 au zaidi ni ya kuridhisha.

Kuielekeza kutoka Kericho

Antena ya waya wa mbele na wa nyuma husafirisha nguvu kuelekea upande wa waya wa mbele. Kwa kuwa dunia ni duara, njia fupi si ile inayoonekana kwenye ramani ya ukutani. Kwa aliyesimama mjini Kericho, Uingereza iko karibu na kaskazini, ikiegemea magharibi kidogo, yaani upande wa Nandi Hills. New York iko kaskazini magharibi, si mbali sana na upande wa Kisumu. Delhi iko upande wa Londiani. Johannesburg iko kusini, kati ya upande wa Sotik na wa Bomet.

Antena hii ni nyepesi, na nguzo inaweza kuzungushwa kwa mkono kwa kamba mbili. Urefu wa mita 5.3 kutoka ardhini ndio wa chini unaofaa. Mita 8 ni bora zaidi. Wenye shamba mlimani wana bahati, kwani mteremko mbele ya antena husaidia mawimbi kutoka chini chini kuelekea mbali.

Masafa ya megahezi 28 hutegemea jua. Hufanya kazi zaidi mchana, na huwa bora katika miaka ambayo jua lina madoa mengi, mzunguko unaojirudia takriban kila miaka 11. Mnamo Oktoba 2024 mashirika ya Marekani ya NASA na NOAA yalitangaza kwamba jua limefikia kipindi chake cha kilele. Kilele kikipita, antena hiyo hiyo inaweza kujengwa kwa megahezi 14.2, ambayo hutegemewa zaidi. Zidisha vipimo vyote kwa 2, kisha rekebisha kwa mita ya SWR.

Radi, mvua ya mawe na nyaya za stima

Nyanda za Kericho ni miongoni mwa maeneo ya dunia yanayopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda miteremko hii kila alasiri, hukutana na upepo wa mashariki, na kufanya mawingu ya radi. Wakulima wa chai wanaujua mpangilio huo vizuri: asubuhi jua, alasiri ngurumo.

Kwa hiyo kazi zote za kupandisha antena zifanywe asubuhi. Mtu asishike antena, kebo wala nguzo baada ya kusikia ngurumo, hata kama mvua bado iko mbali. Kazi irudiwe dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Kebo itolewe kwenye redio kila baada ya matumizi na ncha yake iachwe nje ya nyumba, isininginie kando ya kitanda au dirishani. Mahali kebo inapokaribia nyumba, wavu wake wa nje uunganishwe na fimbo ya ethi iliyopigiliwa ardhini. Ethi hupunguza hatari, lakini haizuii radi iliyopiga moja kwa moja. Kutoa kebo ndiyo kinga ya kwanza.

Hatari ya pili ni nyaya za stima. Nguzo isimamishwe mbali na nyaya hizo kwa umbali usiopungua mara moja na nusu ya urefu wake, ili hata ikianguka isiziguse. Antena isipitishwe juu wala chini ya waya wa stima kwa sababu yoyote. Ikinasa kwenye waya wa stima, isivutwe na mtu. Watu wasogee mbali na kampuni ya umeme ipigiwe simu.

Kamba za kushikilia nguzo zifungwe vitambaa vyeupe au vyekundu. Wachuma chai huingia mashambani alfajiri kukiwa na ukungu, na kamba nyembamba kati ya michai haionekani. Anayeishi katika ardhi ya kampuni ya chai aombe ruhusa ya usimamizi kwanza. Anayetaka mlingoti mrefu, au anayeishi karibu na uwanja wa ndege kama ule wa Kerenga, aulize Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini kabla ya kujenga.

Kwa habari za karibu, waya mwingine

Ni muhimu wakazi wajue kile ambacho antena hii haifanyi. Mawimbi ya megahezi 28 hupaa, hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mbali sana. Mtu wa Kericho anaweza kuzungumza na Ulaya na asisikike Nairobi, ambayo iko umbali wa kama kilomita 200 tu.

Kwa dharura ya hapa nchini, unafaa waya wa kawaida wa mita 20, uliokatwa katikati na kufungiwa kebo, kwa masafa ya megahezi 7. Huo hauinuliwi juu sana. Mita 3 hadi 5 zinatosha, kwani mawimbi yanapaswa kwenda juu wima na kurudi kama mvua juu ya eneo zima, ikiwemo mabonde ambayo mlingoti wa simu hauyafikii. Katika eneo la dunia ambamo Kenya imo, waendeshaji wa redio ya ridhaa wametenga kilohezi 7110 kuwa kituo cha kukutania wakati wa dharura. Kwa mawasiliano ya kimataifa ni kilohezi 14300. Anayesikia mazungumzo ya dharura hapo anatakiwa kunyamaza na kusikiliza, isipokuwa ameombwa kusaidia.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana baada ya tsunami ya Desemba 2004 katika Bahari ya Hindi. Katika visiwa vya Andaman, ambako simu zilikuwa zimekatika, kikundi cha waendeshaji kutoka India kilichokuwa huko kwa shughuli zao za redio kiligeuka kuwa njia ya kupeleka habari za manusura kwa familia zao bara. Waliweza kwa sababu redio, betri na antena vilikuwa tayari vimesimamishwa na kupimwa kabla ya maafa.

Shule na vikundi vya vijana vinaweza kuanza kwa kusikiliza. Kila mwaka mwezi wa Oktoba, maskauti duniani hukutana hewani kwa msaada wa waendeshaji wenye leseni, na shule yenye kikosi cha skauti inaweza kuomba mwendeshaji aje na chombo chake. Kupima waya na kukokotoa urefu wa wimbi ni somo la fizikia la kidato linaloonekana kwa macho: gawanya 300 kwa masafa ya megahezi, na utapata urefu wa wimbi kwa mita.

Kwa familia na vikundi vilivyo tayari, mpangilio unaoshauriwa ni huu: leseni kwanza, waya wa mita 20 wa habari za karibu pili, na antena ya mianzi tatu. Betri ichajiwe kila wiki. Antena ikaguliwe baada ya kila mvua ya mawe, hasa pembe za mianzi na kiungo cha kebo, na kipimo cha SWR kiandikwe kwenye daftari lile lile. Kipimo kikibadilika ghafla, kuna kitu kilicholegea au maji yaliyoingia, na ni afadhali kulijua hilo siku ya kawaida kuliko siku ambayo barabara imekatika.